Ruzuku iliyoizaa M-Pesa: pauni milioni 1 za serikali zilinunua nini?

Mwaka 2000 kampuni ya Vodafone ililipa karibu pauni bilioni 6 kwa leseni moja tu ya masafa ya 3G nchini Uingereza. Miaka mitatu baadaye, ofisa wa kampuni hiyo hiyo alipeleka maombi serikalini akitaka ruzuku ya karibu pauni milioni 1 ili ajaribu jambo dogo Afrika Mashariki. Alipewa. Jambo lenyewe ndilo tunaloliita leo M-Pesa.

Ukimsimulia mtu kisa hiki, swali lake la kwanza ni: tajiri wa namna ile anapewa msaada wa nini? Fedha zile zilikuwa za walipa kodi wa Uingereza, zilizotengwa kwa ajili ya maskini wa nchi nyingine, zikaishia kwa mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za simu duniani. Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, kwa sababu kazi yangu hunikalisha mara kwa mara na vijana wenye kampuni changa wanaotafuta ruzuku, na naona wengi wao, pamoja na wanaowapa ruzuku hizo, hawajaelewa fedha ya umma inaweza kununua nini ndani ya biashara na nini haiwezi. Kisa cha M-Pesa kinaonyesha yote mawili kuliko kingine chochote ninachokijua.

Tuanze na aliyeomba. Nick Hughes alikuwa mtu wa idara ya uwajibikaji kwa jamii makao makuu ya Vodafone. Anayejua kampuni kubwa zinavyoendeshwa anaelewa maana yake: idara hiyo haiuzi kitu, haina wateja, na haina bajeti ya kujengea bidhaa. Ndani ya kampuni kama ile kila senti hugombaniwa. Meneja wa Ujerumani anakuja na mradi unaogusa mamilioni ya wateja wanaolipa bili kubwa kila mwezi, na faida yake inaonekana kwenye jedwali ndani ya miaka michache. Wewe unakuja na wazo la Kenya, ambako mteja ananunua vocha kidogo kidogo, na kampuni yenyewe ina hisa Safaricom lakini haimiliki kila kitu. Unawekwa mwisho wa foleni, na foleni haifiki kwako. Fedha zipo tele, ila hakuna anayeona sababu ya kuzitumia huko.

Hapo ndipo Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza, DFID, ilipoingia. Idara hiyo ilikuwa na mfuko wa ushindani ulioitwa Financial Deepening Challenge Fund, uliolenga kuwavuta wafanyabiashara binafsi wapeleke huduma za fedha kwa watu ambao benki zilikuwa zimewasahau. Masharti yake yalieleweka kirahisi. Kampuni inashindana na wenzake kwa wazo. Ikishinda inapewa ruzuku, si mkopo, na serikali haichukui hisa. Lakini lazima kampuni nayo itoe fedha zake zisizopungua nusu ya gharama. Kwa hiyo mradi mzima ulisimama kwenye karibu pauni milioni 2, nusu kwa nusu.

Hughes alirudi kwa wakubwa wake na kitu ambacho hakuwa nacho mwanzo: nusu ya hasara, kama itatokea, imeshabebwa na mtu mwingine. Zaidi ya hapo, serikali yao wenyewe ilikuwa imeweka jina lake kwenye mradi, na meneja anayeukataa mradi kama huo sharti awe na maelezo. Kwa maoni yangu, hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo ruzuku ile iliifanya: ilimnunulia wazo mahali pa mbele kwenye foleni. Vodafone ingeweza kulipa pauni milioni 1 bila kuhisi. Kisichowezekana bila ruzuku ni kwamba mtu fulani ndani ya Vodafone angekubali kuzilipa.

Thika, Oktoba 2005

Bidhaa iliyokuja Kenya mwanzoni haikuwa ya kutumiana pesa. Ilikuwa ya kurejesha mikopo.

Mshirika alikuwa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo inayokopesha kwa vikundi. Aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha mkopo anaijua picha: wanachama wanakutana kila wiki, kila mmoja ana noti zake mkononi, zinahesabiwa mbele ya wote, anayepungukiwa anachangiwa au anafokewa, kisha mtu anatumwa benki na mfuko wa pesa akitembea huku roho ikimdunda. Wazo lilikuwa kumwondolea mwanachama safari hiyo. Alipe kwa simu dukani kwa wakala, mkopo wake upungue, basi.

Susie Lonie, mtaalamu wa biashara za simu kutoka Vodafone, alifika Nairobi mapema 2005 kwa kazi iliyodhaniwa ni ya miezi michache, akabaki mpaka huduma ikazinduliwa. Programu ilitengenezwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge. Benki iliyoshika fedha ilikuwa Commercial Bank of Africa. Safaricom, chini ya Michael Joseph, ilikubali kutoa mtandao na maduka ya mawakala. Majaribio yakaanza Oktoba 2005, Thika na sehemu za Nairobi, kwa maduka machache na wateja wasiofika 500. Kila mteja alihitaji laini mpya, kwa sababu menyu ya huduma ilikaa ndani ya kadi yenyewe, na kila mmoja alihitaji kufundishwa: namba ya siri ni nini, kwa nini usimwambie hata mumeo, ujumbe wa kuthibitisha unasomwaje. Mafunzo yalichukua muda mrefu kuliko walivyopanga. Wapo waliokuwa na simu kwa ajili ya kupokea tu, hawajawahi kufungua menyu yoyote.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo upande ule ule waliokuwa wameutegemea. Marejesho yalifika kwa njia ya simu, lakini vitabu vya Faulu havikuunganishwa na mfumo huo, kwa hiyo kila malipo ilibidi yalinganishwe kwa mkono na daftari la mikopo. Kazi waliyotaka kuipunguza ikaongezeka. Na kulikuwa na tatizo la ndani zaidi ambalo hakuna mtaalamu wa kompyuta angeliona akiwa Cambridge. Mkopo wa kikundi unasimama juu ya mkutano. Pale kwenye mkutano ndipo watu wanatazamana usoni, na aibu ndiyo dhamana. Mtu akishalipa kwa simu tangu Jumatatu, Alhamisi anaenda mkutanoni kufanya nini? Bidhaa ilikuwa inakula mzizi wa biashara ya mteja wake wa kwanza.

Lakini watu wale wale, wakiwa na laini zile zile, walikuwa wameanza kuitumia kwa namna ambayo hakuna aliyewafundisha. Napenda kukaa hapa kidogo kwa sababu ndipo fedha yote ya ruzuku ilipozaa. Mtu anayesafiri kati ya Thika na Nairobi aliweka pesa kwa wakala wa mwanzo wa safari, akapanda gari mifuko ikiwa mitupu, akazitoa alipofika. Wenye biashara walilipana wao kwa wao. Wengine, wakifunga hesabu jioni baada ya benki kufungwa, waliweka mauzo ya siku kwenye simu ili yasilale dukani, asubuhi wakayatoa. Wapo waliowanunulia vocha jamaa zao wa mashambani. Wapo waliorejesha mkopo wa mwenzao, naye akawalipa kwa njia nyingine. Na wengi walitumiana pesa tu, mtu kwa mtu, bila mkopo wowote kuhusika.

Yeyote aliyekulia Afrika Mashariki kabla ya 2007 anajua kwa nini. Pesa ya nyumbani ilitumwa kwa bahasha mkononi mwa dereva au utingo wa basi, ukaomba Mungu asiishushe njiani. Au ulisubiri binamu anayekwenda likizo. Au ulipanga foleni posta kwa hawala, na mama naye akapanga foleni mwisho wa pili, baada ya kutembea. Haja hiyo ilikuwepo wazi machoni pa kila Mkenya aliyehamia mjini. Ilichukua majaribio yenye watu wasiofika 500 kuifanya ionekane na wale waliokuwa na uwezo wa kuijengea huduma.

Majaribio yalipokwisha 2006, timu iliamua jambo gumu kuliko kuanza. Waliondoa mikopo. Waliondoa uhusiano na vikundi. Wakabakiza kuweka, kutuma, kutoa na kununua vocha. M-Pesa ilizinduliwa kwa umma tarehe 6 Machi 2007, tangazo lake likiwa la kutuma pesa nyumbani, ada ya kumtumia mteja mwenzako ikiwa shilingi 30. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa imepita wateja milioni 1. Kufikia mwisho wa Machi 2008 walikuwa zaidi ya milioni 2.

Sasa nijiulize: fedha za kawaida za kampuni zingeruhusu mgeuko ule? Sidhani. Meneja aliyeomba bajeti ya kurejesha mikopo, akarudi baada ya mwaka na taarifa kwamba marejesho ya mikopo yameshindikana ila watu wanalaza mauzo yao kwenye simu, kwa kawaida hapewi bajeti ya pili. Hapa fedha ya serikali ilikuwa imelipia kujua, na kujua kulipatikana. Hiyo ndiyo kazi ya pili ya ruzuku, nayo naiona kubwa kuliko ya kwanza. Ilinunua nafasi ya kukosea mbele ya watu bila kufukuzwa.

Serikali ya pili

Tukiishia hapo tutakuwa tumesimulia nusu. Kuna serikali nyingine kwenye kisa hiki, ya Kenya, na mchango wake mkubwa haukuwa wa fedha.

Mwaka 2006 hakukuwa na sheria ya Kenya iliyosema kampuni ya simu inaweza kushika pesa za watu. Benki Kuu ingeweza kukataa, na kukataa ndiko kungekuwa rahisi zaidi. Badala yake wataalamu wake wa mifumo ya malipo walikaa na timu ya mradi wakachambua swali moja la msingi: hii ni benki au si benki? Jibu lililopatikana lilitegemea pesa inalala wapi. Kila shilingi ya mteja kwenye simu ilikuwa na shilingi yake halisi kwenye akaunti ya amana, chini ya wadhamini, katika benki iliyosajiliwa. Safaricom haikuruhusiwa kuikopesha, na riba yake haikuwa ya Safaricom. Asiyekopesha amana za watu hafanyi kazi ya benki. Mwanzoni mwa 2007 Benki Kuu ikatoa barua ya kutokuwa na pingamizi, pamoja na masharti.

Barua ile haikugharimu Hazina chochote, lakini bila hiyo pauni zote za DFID zingekuwa zimelipia taarifa nzuri ya majaribio iliyohifadhiwa kabatini.

Mwishoni mwa 2008 ikaja dhoruba. Benki hazikufurahia kuona mamilioni ya watu wakitumiana pesa nje ya kaunta zao, na kaimu Waziri wa Fedha wakati huo, John Michuki, akaagiza M-Pesa ikaguliwe, akisema hadharani kwamba hakuwa na uhakika itaishia wapi. Ukaguzi ukafanyika. Januari 2009 umma ukaelezwa kwamba huduma ni salama. Mwaka mmoja kabla, kwenye ghasia zilizofuata uchaguzi, barabara zilipofungwa na maduka kufungwa, watu wengi walikuwa wamewafikia ndugu zao waliokwama kwa vocha na pesa za simu, kwa hiyo wananchi nao walikuwa na ushahidi wao. Sheria kamili ya mifumo ya malipo ya taifa ilikuja 2011, miaka minne baada ya huduma kuanza. Kuna wanasheria wanaoona mpangilio huo ni wa hatari. Mimi naona Benki Kuu ilifanya vizuri kuitazama huduma ikitembea kabla ya kuitungia sheria, mradi amana ya mteja ilikuwa imelindwa tangu siku ya kwanza, na ilikuwa imelindwa.

Walionakili

Vodacom, kampuni ya simu ambayo Vodafone ina hisa zake, ilizindua M-Pesa Tanzania mwaka 2008. Jina lile lile, teknolojia ile ile, hata viwango vya ada vilifanana sana mwanzoni. Ilikwenda polepole. Tanzania ni pana, watu wake wametawanyika, Vodacom haikuwa imeshika soko kama Safaricom ilivyoshika la Kenya, na kusimamia mawakala kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kazi nyingine kabisa. Ilibidi ada zibadilishwe na njia ya kuwapata na kuwahudumia mawakala ifumuliwe, ndipo huduma ikashika. Leo Mtanzania anaishi nayo, pamoja na za washindani wake: Airtel Money, na Tigo Pesa iliyogeuka Mixx. Afrika Kusini huduma ilizinduliwa 2010, ikajaribiwa upya 2014, ikafungwa 2016. Huko watu wengi walikuwa tayari na kadi za benki.

Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani ruzuku ile ilinunua programu ya kompyuta. Kama ndivyo, Johannesburg nako ingefanya kazi. Kilichonunuliwa ni ujuzi wa mahali: mteja wa Thika anafunga duka saa ngapi, benki inafunga saa ngapi, na saa zilizo katikati anazihofia kiasi gani. Ujuzi huo hausafirishwi kwenye diski.

Faida ilikwenda wapi

Hapa ndipo moyo wangu unapopata uzito.

Kwa wananchi faida ipo na inapimika. Mwaka 2006 Wakenya wazima waliokuwa na huduma rasmi ya fedha walikuwa asilimia 26.7, mwaka 2021 walikuwa asilimia 83.7. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma za pesa kwa simu zilikuwa zimeziinua kaya 194,000, takriban asilimia 2 ya kaya za Kenya, kutoka kwenye umaskini. Wapo wachumi waliopinga namna hesabu hiyo ilivyofanywa, na ubishi wao haujaisha.

Safaricom nayo ilipata. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, M-Pesa pekee iliiingizia zaidi ya shilingi bilioni 160 za Kenya. Baada ya hisa za kampuni kuuzwa kwa umma mwaka 2008, serikali ya Kenya ilibaki na asilimia 35, ikapokea gawio mwaka hata mwaka. Mlipa kodi wa Uingereza, aliyebeba hatari ya kwanza, hakurudishiwa hata senti moja kama gawio. Hilo naweza kulikubali, kwa sababu fedha yake ilitolewa kama msaada na msaada ulifika.

Linalonisumbua ni hakimiliki. Ruzuku ya umma ililipia majaribio, Wakenya wasiofika 500 waliyafanya kuwa bidhaa kwa kuonyesha wanahitaji nini, lakini chapa na jukwaa vilibaki mali ya Vodafone. Kwa miaka mingi Safaricom ililipa ada kwa kutumia jina lenye neno la Kiswahili ndani yake. Mitambo ya huduma haikukaa Kenya mpaka ilipohamishwa kutoka Ujerumani mwaka 2015. Mwaka 2020 Safaricom na Vodacom zikanunua chapa na jukwaa kutoka Vodafone. Nadhani kifungu kimoja tu kwenye mkataba wa ruzuku, kinachosema kwamba ikifanikiwa nchi iliyojaribiwa itapata haki ya kutumia na kuendeleza kwa bei nafuu, kingetosha. Anayetoa ruzuku ana nguvu siku moja tu, siku ya kusaini. Kesho yake hana.

Kisha ikaja kodi. Kenya iliweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za kutuma pesa mwaka 2013, ikaupandisha hadi 12 mwaka 2018, kisha 15 mwaka 2023. Pendekezo la asilimia 20 lilianguka na muswada wa fedha wa 2024, baada ya vijana kujaa barabarani. Tanzania ilianza tozo za miamala Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu wakarudi kwenye pesa taslimu, na Septemba mwaka huo huo tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Serikali kukusanya kodi kwenye ubunifu uliofanikiwa ni haki yake. Lakini sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti kila mwaka, na lengo hilo liko mbali mno kufikiwa. Asilimia ya kukusanya ilipandishwa ndani ya miaka kumi, kutoka 10 hadi 15. Ya kurudisha inasubiri.

Ninapowasaidia vijana kujaza fomu za ruzuku siku hizi, sehemu inayotula muda mwingi ni jedwali la matokeo: andika sasa, kabla ya kuanza, ni kitu gani hasa kitakuwa kimetokea mwezi wa 6, wa 12 na wa 18, na ukipotoka fedha inasimama. Kama majaribio ya Thika yangefungwa kwa jedwali la namna hiyo, timu ingeendelea kuhesabu marejesho ya mikopo mpaka pauni ya mwisho, na yule mwenye duka aliyelaza mauzo yake kwenye simu usiku angeandikwa kwenye taarifa kama mteja aliyeitumia huduma vibaya.